Trekta la zamani likigoma kunyanyua plau: sili mpya, kufumua pampu, pampu mpya au pampu iliyotumika?

Massey Ferguson 135 ilianza kutoka kiwandani mwaka 1964, na ile ya 35 iliyoitangulia ni ya miaka ya 1950. Hata hivyo, ukipita barabara ya kutoka Kafu kwenda Karuma, huku Uganda, mvua za kwanza zinapokaribia, bado utayakuta matrekta ya namna hii yakilimia watu mashamba ya mahindi kwa malipo ya ekari. Injini zake ni ngumu, na fundi yeyote wa kijijini anazijua. Kinachowasimamisha wenye matrekta hayo katikati ya msimu ni mikono ya nyuma: plau ya diski tatu inalala ardhini mwisho wa mfereji, dereva anavuta mpini, injini inanguruma, na hakuna kinachopanda.

Fundi akiitwa, neno la kwanza huwa kwamba pampu imekufa. Baada ya neno hilo mwenye trekta hubaki na njia nne mbele yake: kubadilisha sili na oili huku pampu ikiachwa ilivyo, kuifumua pampu ileile na kuitia vipuri, kununua pampu mpya, au kuchukua pampu iliyotumika kutoka kwenye trekta lililokufa. Nimezipitia zote nne, nyingine kwa hiari na nyingine kwa kukosa la kufanya, na ninazilinganisha hapa kwa kutumia Massey Ferguson 35, 135 na 165, ambazo mpangilio wa haidroliki yake, yaani mfumo wa oili unaonyanyua mikono, unafanana sana.

Kwanza hakikisha kwamba kuna ugonjwa

Katika matrekta haya pampu imewekwa ndani kabisa ya boma la nyuma, yaani kasha kubwa la chuma lililo chini ya kiti, imezama katika oili, na inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayotokea nyuma ya trekta kuzungusha mashine nyingine. Kwa hiyo katika baadhi yake mpini wa PTO ukiwa katikati, pampu haizunguki, na klachi ikikanyagwa mpaka chini pampu nayo inasimama. Niliwahi kuitwa Bweyale na jirani ambaye dereva wake alikuwa amekwisha kulegeza bolti za kiti ili afungue kifuniko. “Mzee, pampu imekufa,” akaniambia, mikono imejaa grisi. Nikamuuliza trekta lilifanya kazi gani jana, akasema lilizungusha mashine ya kupukuchulia mahindi kwa mtoto wa shangazi yake. Kijana huyo alipomaliza kupukuchua alikuwa ameurudisha mpini wa PTO katikati, kama alivyofundishwa, na hakumwambia mtu. Tukausukuma mpini mahali pake, mikono ikapanda, tukakaza tena bolti za kiti.

Jambo la pili ni mipini miwili iliyo kuume kwa kiti, mmoja wa kupanga kimo cha mikono na mwingine wa kupima mvuto wa udongo kwenye plau. Huu wa mvuto ukiachwa chini, utauvuta ule wa kimo mpaka uchoke bila mikono kupanda. La tatu ni oili. Giaboksi, difu na haidroliki vinatumia oili moja, zaidi ya lita 30, na kiasi kikipungua pampu hunyonya hewa. Chomoa kijiti cha kupimia, kisha itazame rangi yake: oili iliyogeuka kama chai ya maziwa imeingiwa na maji, na mara nyingi maji hayo hupenya kwenye vifuko vya mpira vilivyochanika chini ya mipini ya gia, trekta likiwa limeegeshwa nje chini ya mwembe msimu mzima. Maji huleta kutu, na kutu hukwamisha vali ya udhibiti, ndiyo maana trekta lililokaa miezi bila kazi huweza kunyanyua vizuri likakataa kushusha, au kinyume chake.

Mambo hayo yakiwa sawa na mikono bado imegoma, sasa kuna ugonjwa.

Vigezo vya ulinganisho

Kila njia nitaipima kwa mambo matano: inatibu dalili gani, inakula fedha kiasi gani ikilinganishwa na nyingine, inasimamisha trekta siku ngapi, inahitaji ujuzi na vifaa gani, na baada ya kufunga unaweza kuitegemea kwa kiasi gani. Bei kwa shilingi sitaandika, kwa sababu bei ya vipuri ya wiki hii si ya wiki ijayo. Kigezo cha dalili nimekiweka mbele kwa makusudi, maana fedha nyingi nilizoona zikipotea zilitumika kununua dawa ya ugonjwa mwingine.

Kusoma dalili

Funga plau, inyanyue mpaka juu, kisha uzime injini na ukae kando. Asisimame mtu wala mguu wa mtu usipite chini yake. Plau ikianza kushuka yenyewe ilhali pampu haizunguki, oili inatoroka mahali fulani: kwenye ringi au sili ya pistoni ya silinda ya kunyanyulia, kwenye oringi (pete za mpira) za bomba linalopeleka oili juu, au kwenye vali. Uvujaji huohuo, injini ikiwa inanguruma, ndio unaofanya mikono itikisike kama kichwa cha mtu anayesinzia kanisani, kwa kuwa mfumo unahisi mikono inashuka na kuirudisha juu kila mara.

Dalili za pampu ni tofauti. Pampu hii ina pistoni nne, na kila moja ina vali yake ndogo ya kuingizia oili na ya kuitolea. Pistoni moja isipopiga, mzigo hupanda kwa kurukaruka, kwa mdundo unaofuata mzunguko wa shafti. Tatu zikichoka, mikono mitupu itapanda lakini plau haitatoka ardhini. Kuna pia ile dalili inayowachanganya wengi, ya trekta linalonyanyua vizuri asubuhi na kugoma saa sita mchana: oili ikipata moto huwa nyepesi na kupita kwenye kila pengo lililochakaa, iwe ni kwenye pampu au kwenye silinda, na kwa hiyo dalili hii peke yake haimtaji mkosaji.

Anayeweza kumtaja ni geji, yaani kipimo cha shinikizo la oili. Juu ya kifuniko cha haidroliki, kando ya kiti, kuna kibamba kinachofunguliwa ili kuchukua oili ya kuinulia tela. Hapo fundi mwenye geji anaweza kuifunga na kusoma shinikizo mikono ikiwa imebanwa au imefika mwisho wa kupanda. Ikipanda hadi kati ya pauni 2,500 na 3,000 kwa inchi ya mraba, pampu haina kosa na hakuna haja ya kuigusa. Isipopanda, pampu na silinda zote mbili bado ni washukiwa. Hatua inayofuata ni kufungua kifuniko cha pembeni, baada ya kupunguza oili kadiri inavyohitajika, na kumulika tochi ndani kuona oili inaruka kutoka wapi mzigo unapopandishwa. Usitafute uvujaji kwa kidole, kwa sababu oili yenye shinikizo hilo huingia chini ya ngozi kama sindano. Tumia kipande cha boksi.

Njia ya kwanza: sili, oringi na oili mpya

Njia hii inatibu plau inayoshuka yenyewe, mikono inayotikisika, na vali iliyokwama kwa uchafu. Haitibu pampu iliyochakaa.

Kwa fedha ndiyo nafuu kuliko zote, ingawa watu hushangaa kugundua kwamba sehemu kubwa ya bili ni oili. Sili na oringi zinaingia mfukoni mwa shati. Lita thelathini na kitu za oili ya trekta inayofaa giaboksi na haidroliki kwa pamoja haziingii. Kishawishi cha kuirudisha ndani oili ya zamani baada ya kuichuja kwa kitambaa ni kikubwa, nami nakielewa, lakini oili yenye maji haichujwi kwa kitambaa, na kazi itarudi. Oili chafu ya injini, ambayo wengine huongeza ili kijiti kionyeshe kimejaa, ni mbaya zaidi.

Kwa siku, hesabu moja au mbili. Kiti kinatoka, viunganishi vya mipini vinatolewa, kisha kifuniko chote cha juu kinanyanyuliwa kikiwa na silinda chini yake. Ni kizito, kinahitaji cheni bloki iliyofungwa kwenye boriti ya kuaminika, au wanaume watatu wenye nguvu wanaosikilizana. Silinda ikitolewa na pistoni ikachomolewa, pitisha ukucha wa kidole gumba taratibu kwenye ukuta wa ndani, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukucha ukiteleza, weka sili mpya. Ukucha ukinasa kwenye mchirizo, usifunge sili mpya juu yake, kwa sababu mchirizo huo utaila kabla ya msimu kwisha. Silinda yenyewe ndiyo ya kubadilishwa.

Ujuzi unaohitajika ni wa kawaida, na fundi mwangalifu wa kijijini anaweza. Uhakika ni mkubwa iwapo dalili zilisomwa vizuri, na karibu haupo iwapo ilifanywa kwa kubahatisha. Inamfaa mwenye trekta ambalo plau inashuka injini ikizimwa, na mwenye trekta lililolala muda mrefu.

Njia ya pili: kuifumua pampu ileile

Hapa kuna jambo ambalo mafundi hawalisemi mapema. Ili pampu ya matrekta haya itoke, kifuniko cha juu lazima kitoke kwanza, shafti ya PTO ivutwe kwa nyuma, vifuniko vya pembeni vinavyoishikilia pampu vifunguliwe, na ndipo pampu inyanyuliwe kupitia juu. Maana yake, nusu ya kazi ya njia ya pili ni kazi ya njia ya kwanza. Anayefungua kwa ajili ya pampu na kuacha sili za zamani kwenye silinda amejiandalia kufungua tena. Na anayefungua kwa ajili ya sili, huku anajua pampu inarukaruka, vivyo hivyo. Uamuzi ufanyike kabla spana haijashikwa, vipuri vyote vikiwa tayari.

Kufumua kunatibu kurukaruka kunakotokana na vali ndogo zilizochoka au springi zilizovunjika, udhaifu unaotokana na oringi zilizokauka, na vali ya udhibiti iliyokwama au iliyolegea. Hakutibu pistoni zilizochanwa wala shimo lililopanuka. Gharama yake iko katikati: seti ya vipuri ni nafuu kwa mbali kuliko pampu nzima, ila malipo ya fundi yanapanda kwa sababu fundi wa kazi hii si yeyote.

Nieleze kwa nini. Kilicho mezani ni vali ndogo nane na springi zake, pistoni nne zinazosukumwa na shafti yenye vibonye, na kifaa kidogo kinachoitikisa vali ya udhibiti muda wote ili isigande. Kipande kimoja cha uzi kutoka kwenye tambara kikikaa chini ya vali moja, pampu itarukaruka vilevile kama kabla ya kufumuliwa. Fundi mzuri utamtambua kabla hajagusa kitu: anaomba beseni la dizeli safi, anatandika kitambaa kisichotoa nyuzi, na kila pistoni anaipanga na shimo lake. Ukimwona mtu anaifungulia pampu juu ya gunia la mahindi, mpe chai na umshukuru.

Kwa siku, panga tatu au nne kama vipuri viko mkononi. Katwe na Kisenyi, Kampala, kuna mafundi wa kukereza vyuma wenye mikono ya ajabu, nami huwapelekea bushi na pini bila wasiwasi, lakini pistoni za pampu hii nisingewapa wakereze, kwa sababu pengo linalotakiwa kati ya pistoni na shimo ni dogo mno. Uhakika unategemea hali ya mashimo hayo: yakiwa laini, pampu iliyofumuliwa vizuri hutumika miaka. Njia hii inamfaa aliye mbali na msimu, mwenye fundi anayemwamini, na ambaye pampu yake ni ile iliyokuja na trekta, kwa sababu chuma cha pampu nyingi za zamani bado ni kizuri kuliko cha baadhi ya zinazouzwa mpya.

Njia ya tatu: pampu mpya

Matrekta ya ukoo huu yanaendelea kutengenezwa na TAFE huko India na Millat huko Pakistani, na hiyo ni sababu moja inayofanya vipuri vyake vipatikane hadi leo. Nyingi za pampu zilizo madukani, hata hivyo, ni nakala kutoka viwanda mbalimbali, na ubora wake unatofautiana kama ubora wa viberiti.

Pampu mpya inatibu maradhi yote ya pampu kwa mara moja, na haitibu hata moja la silinda. Ni ghali kuliko njia zote. Ujuzi unaotakiwa ni mdogo kuliko wa kufumua, kwa kuwa kazi ni kutoa na kuweka, na trekta husimama siku mbili hivi, ukiacha safari ya kwenda kuinunua. Safari hiyo ndiyo iliyonifundisha. Nilitoka Kigumba hadi Kampala, zaidi ya kilomita 200, nikamwambia mwuzaji kwamba nataka pampu ya 135, akanipa pampu ya 135. Nilipofika nyumbani na kuileta karibu na shafti, haikuingia. Shafti ya pampu yangu ilikuwa na meno 21. Niliyonunua ilikuwa ya meno 10. Zote mbili zinauzwa kwa jina la 135, kwani matrekta ya mwanzo na ya baadaye yalitofautiana. Nilirudi Kampala kesho yake na pampu mbili ndani ya mfuko mmoja. Kwa hiyo hesabu meno kabla ya kuondoka, au beba pampu ya zamani hata kama itakuchafulia nguo.

Uhakika wake unategemea mambo mawili. La kwanza ni mwuzaji anayekubali kwa maandishi kuirudisha ikishindwa. La pili liko mikononi mwako: pampu ya zamani ikiwa imesagika, vumbi lake la chuma limetapakaa katika oili na chini ya boma, na pampu mpya itakayowekwa humo bila kuosha kwa dizeli, kusafisha chujio na kumwaga oili mpya itasagika pia. Inamfaa anayelimia watu kwa malipo na ambaye kila siku ya kusimama ni ekari zilizopotea, na anayekuta mashimo ya pampu yake yamechanika.

Njia ya nne: pampu iliyotumika

Hii haihitaji maneno mengi. Inatibu yaleyale ya pampu mpya, kama nayo ni nzima. Bei yake huwa chini sana ya mpya, na siku za kusimama ni zilezile mbili. Ujuzi mkubwa unahitajika wakati wa kununua kuliko wakati wa kufunga: izungushe kwa mkono usikie kama inakwaruza, hesabu meno, tazama kama shafti inacheza. Nzuri kuliko zote ni ile utakayoikuta bado iko ndani ya trekta lililosimama kwa sababu nyingine, injini iliyopasuka kwa mfano, kwa kuwa huenda ilizimwa ikiwa inafanya kazi. Iliyokaa juani kwenye rundo la vyuma chakavu nusu yake ni kutu. Uhakika ni mdogo, na hakuna wa kumrudishia. Inamfaa mtu anayetaka kuvuka msimu mmoja, au anayetafuta sehemu za kuchanganya na pampu yake.

Uchague nini, kwa hali yako

Kama plau inashuka injini ikizimwa lakini inapanda bila kurukaruka, fanya njia ya kwanza na usikubali kuuziwa pampu. Kama inapanda kwa kurukaruka na uko mwezi Desemba au Januari, mashamba yakisubiri mvua, fumua, na ubadilishe sili za silinda papo hapo kwa kuwa kifuniko kimekwisha kutoka. Kama dalili ni hizohizo lakini ni Machi na umekwisha kupokea malipo ya awali ya ekari za watu, pampu mpya yenye meno sahihi ina maana, na ile ya zamani uihifadhi kwenye dumu lenye oili ili uifumue mvua zikipungua.

Kama fedha ya pampu mpya haipo na mvua imeanza, iliyotumika kutoka trekta unalolijua itakuvusha. Usiongeze fedha ya oili mpya juu ya bei ya pampu. Ipunguze kutoka humo, yaani nunua pampu ya bei ya chini kidogo lakini oili iwe mpya. Kama trekta linanyanyua asubuhi na kugoma mchana, na hakuna mwenye geji karibu, anza na oili na chujio, kisha ufungue kifuniko cha pembeni saa ileile ya mchana inapogoma, umulike tochi. Na kama trekta lako halilimi tena bali linavuta tela la kuni na maji tu, mikono iliyolegea si dharura: ibane kwa mnyororo na uendelee na safari zako mpaka upate fedha.